Mcheza Kwao Hutuzwa? Densi ya Kisasa ya Marekani na Jadi ya Wanavajo

Utangulizi

Mcheza kwao hutuzwa, ndivyo walivyonena wahenga. Katika madarasa yetu ya fasihi simulizi methali hii haitupi tabu kuieleza. Mtu akicheza mbele ya watu wake, wanaomjua yeye na wanaoijua ngoma yenyewe, hakosi wa kumtuza. Katika makala haya tunakusudia kuipima methali hiyo kwa kisa cha mbali, yaani historia ya watunzi wa densi ya kisasa nchini Marekani walioazima kutoka katika jadi na visasili vya Wanavajo pamoja na majirani zao. Tumekichagua kisa hiki kwa kuwa ndani yake methali ilipinduliwa. Kwa muda wa nusu karne hivi, mwenye ngoma aliyecheza kwao aliandamwa na serikali, na mgeni aliyeiazima ngoma akaipeleka jukwaani alipigiwa makofi.

Aidha, kuna jambo la karibu lililotusukuma kuandika. Wanafunzi wetu walipokuwa wakijiandaa kwa tamasha la utamaduni, walitaka kuonyesha jukwaani ngoma za imbalu, jando la Wamasaaba wa mashariki ya Uganda. Mabishano yalizuka mazoezini. Je, ni halali kuichukua ngoma ya jando na kuifanya mchezo wa kutazamwa na wapita njia? Baadhi walisema utamaduni ni wa wote. Wengine walisema ngoma ina wenyewe. Sisi walimu hatukuwa na jibu la haraka. Tutayarudia mabishano hayo mwishoni mwa makala.

Wanavajo na nchi yao

Wanavajo, ambao kwa lugha yao hujiita Diné, maana yake watu, wanaishi kusini-magharibi mwa Marekani. Eneo wanalolitawala limo katika majimbo ya Arizona, New Mexico na Utah, nalo lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 71,000. Hata ukiziunganisha Rwanda na Burundi hazifikii ukubwa huo. Mwaka 2021 watu walioandikishwa kuwa raia wa taifa hilo walikaribia 400,000.

Historia yao ina jeraha moja ambalo kila Mnavajo hulitaja. Kuanzia mwaka 1864 jeshi la Marekani liliwaswaga maelfu ya Wanavajo kwa miguu, mamia ya kilomita, hadi kambi ya Bosque Redondo karibu na Fort Sumner. Wengi walikufa njiani, na wengine walikufa kambini kwa njaa na maradhi. Tarehe 1 Juni 1868 ulitiwa saini mkataba uliowaruhusu kurudi katika sehemu ya nchi yao. Hata hivyo, mkataba huohuo uliwataka wawapeleke shuleni watoto wao wenye umri wa kati ya miaka 6 na 16. Katika shule za bweni zilizofuata, watoto waliadhibiwa kwa kusema lugha ya mama zao. Sisi walimu wa lugha hatuna budi kulikumbuka hilo, kwa sababu mkono uliochapa lugha ndio uliochapa na ngoma.

Ngoma ni nini?

Kabla ya kuendelea yafaa tutazame maneno. Katika Kiswahili neno ngoma limebeba mzigo mkubwa. Ngoma ni chombo kinachopigwa, ni uchezaji, ni wimbo unaoandamana nao, na pia ni shughuli nzima, kama tunaposema ngoma ya unyago au ngoma ya kupunga pepo. Mpwani akisema mgonjwa amefanyiwa ngoma, hakuna anayedhani kwamba mgonjwa huyo amepelekwa kustarehe.

Wanavajo nao wana neno pana, ila wao wameanzia kwenye wimbo. Shughuli ya tiba huitwa hatáál, na mganga wake huitwa hataałii, yaani mwimbaji. Mfano maarufu ni shughuli tunayoweza kuiita Njia ya Usiku. Hufanywa kwa siku tisa, katika majira ya baridi, kwa ajili ya mgonjwa anayejulikana kwa jina, na gharama yake hubebwa na mgonjwa pamoja na ukoo wake. Mwimbaji huwa amejifunza nyimbo zake kwa miaka mingi. Michoro ya mchanga wa rangi huchorwa chini, mgonjwa huketishwa juu yake, kisha mchoro hufutwa siku hiyohiyo. Wachezaji waliovaa vinyago vya Yé'ii, viumbe watakatifu, hucheza, na usiku wa mwisho uchezaji huendelea mpaka alfajiri. Lengo ni kumrudisha mgonjwa katika hózhó, neno linalojumlisha uzuri, uzima na ulinganifu wa mambo.

Tunaona basi kuwa uchezaji ni kiungo kimoja tu cha mwili mzima. Mtu akikikata kiungo hicho na kukipeleka jukwaani, amechukua hatua za miguu na kuacha mgonjwa, wimbo, mchanga na majira. Hilo si kosa kwa lenyewe, kwani sanaa zote huazima. Lakini ni vyema aliyeazima ajue alichoacha.

Sheria na jukwaa

Mwaka 1883 Wizara ya Mambo ya Ndani ya Marekani ilitoa kanuni zilizoanzisha mahakama maalumu za makosa ya Wahindi Wekundu, kama walivyoitwa wakati huo. Miongoni mwa makosa zilitajwa ngoma kadhaa za kidini na kazi za waganga. Aliyepatikana na hatia aliweza kunyimwa posho au kufungwa. Mwezi Aprili 1921 kamishna aliyesimamia mambo ya makabila hayo, Charles Burke, alisambaza waraka namba 1665 uliosisitiza kuzuia ngoma zilizoonwa kuwa na madhara. Mwezi Februari 1923 aliongeza waraka mwingine uliounga mkono mapendekezo ya wamisionari. Mapendekezo hayo yalisema ngoma zichezwe mara moja tu kwa mwezi, mchana, katikati ya wiki, tena baadhi ya miezi zisichezwe kabisa, na asishiriki mtu aliye chini ya miaka 50.

Msomaji na ayaweke mapendekezo hayo kando ya Njia ya Usiku. Shughuli ya siku tisa ingewezaje kufanywa mchana mmoja katikati ya wiki? Na kama vijana hawaruhusiwi, nani angerithi nyimbo? Waraka ulikuwa na lugha ya upole, lakini ngoma ingekufa pamoja na wazee wake.

Sasa tutazame yaliyokuwa yakitendeka majukwaani katika miaka hiyohiyo. Mwaka 1915 Ruth St. Denis na mumewe Ted Shawn walianzisha shule ya Denishawn mjini Los Angeles, shule iliyowalea waanzilishi wengi wa densi ya kisasa. Shawn alipenda sana mambo ya wenyeji wa Marekani. Mwaka 1923, mwaka uleule wa waraka wa pili wa Burke, alitunga The Feather of the Dawn, iliyojengwa juu ya maisha ya Wahopi, majirani wa Wanavajo, kwa muziki wa Charles Wakefield Cadman. Kwa hiyo raia mzungu aliweza kulipwa kwa kuvaa manyoya na kucheza mbele ya watazamaji wa mjini, wakati serikali ya nchi hiyohiyo ikiwaandikia maofisa wake namna ya kupunguza ngoma vijijini.

Mwanafunzi mmoja wa Denishawn, Martha Graham, ndiye aliyekuja kuwa jina kubwa kuliko yote katika densi ya kisasa ya Marekani. Alivutiwa na New Mexico, na mwaka 1931 alionyesha mjini New York kazi iitwayo Primitive Mysteries kwa muziki wa Louis Horst. Kazi hiyo ina sehemu tatu zinazomhusu Bikira Maria. Wachezaji wanawake waliovaa buluu iliyokoza humzunguka mmoja aliyevaa nyeupe, nao huingia na kutoka kwa maandamano yasiyo na muziki. Inakubalika kwamba chimbuko lake ni mchanganyiko wa Ukatoliki na ibada za wenyeji alioukuta kusini-magharibi. Graham hakuvaa manyoya wala hakuiga hatua za mtu. Alichukua uzito wa mguu ardhini, utulivu, na ile hali ya jamii nzima kusimama pamoja katika jambo takatifu. Kwa maoni yetu hapo alimpita mwalimu wake. Aliazima namna ya kuamini jambo, wala hakuazima vazi.

Graham na wenzake walivutiwa zaidi na ngoma za Wapueblo na Wahopi kuliko za Wanavajo. Sababu si ngumu kuiona. Nyingi za ngoma za Wapueblo huchezwa mchana katika uwanja wa kijiji, na kwa miaka mingi wageni waliweza kuzitazama. Shughuli za Wanavajo zilikuwa za mgonjwa na ukoo wake, nyumbani, wakati wa baridi. Si ngoma ya kuonwa na mpita njia. Ndiyo maana Wanavajo waliingia katika densi ya kisasa kwa mlango mwingine, mlango wa hadithi.

Kutoka simulizi hadi kitabu, kutoka kitabu hadi jukwaa

Wanafunzi wetu waliozoea migani ya Fumo Liyongo na Lwanda Magere watakifahamu kisasili cha mapacha wa Kinavajo bila shida. Hapo kale dunia ilijaa mazimwi yaliyowala watu. Mama Abadilikaye, ambaye huzeeka na kurudia ujana kama majira ya mwaka, alizaa wana wawili, Muuaji wa Mazimwi na Mzaliwa wa Maji. Baba yao alikuwa Jua. Wale wana walifunga safari kumtafuta baba yao ili awape silaha. Njiani Bibi Buibui aliwapa hirizi ya manyoya na maneno ya kuwavusha katika hatari. Baba aliwajaribu kwa mitihani mikali, na walipofaulu akawapa mishale ya radi, nao wakarudi kuyaangamiza mazimwi. Katika baadhi ya masimulizi, Muuaji wa Mazimwi alipomaliza kazi yake aliugua kwa wingi wa mauaji, ikabidi afanyiwe shughuli ya kumtakasa.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mwimbaji mmoja mzee aitwaye Jeff King, aliyewahi kulitumikia jeshi la Marekani kama mpelelezi wa njia, aliwafanyia vijana waliokwenda vitani shughuli iliyojengwa juu ya safari hiyo ya mapacha. Mchoraji Maud Oakes aliandika simulizi na kunakili michoro yake kwa idhini ya mzee huyo. Mwaka 1943 kilitoka kitabu Where the Two Came to Their Father, cha kwanza katika mfululizo wa Bollingen, kikiwa na maelezo ya mtaalamu wa visasili Joseph Campbell. Vita hivyohivyo viliiinua lugha ya Kinavajo iliyokuwa ikichapwa shuleni. Mwaka 1942 vijana 29 wa Kinavajo katika jeshi la wanamaji waliunda msimbo wa siri kutokana na lugha yao, na idadi ya waliotumia msimbo huo baadaye ikafikia takriban 400.

Hapa ndipo kitabu kinapokutana na densi. Mke wa Campbell alikuwa Jean Erdman, mzaliwa wa Honolulu mwaka 1916, aliyekuwa mchezaji katika kundi la Martha Graham kabla ya kuwa mtunzi anayejitegemea. Kwa hiyo nyumba iliyohariri simulizi la Jeff King ilikuwa pia nyumba ya densi ya kisasa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Erdman alitunga densi ya mchezaji mmoja aliyoiita Changing Woman, jina ambalo kwa Kiingereza ndilo la Mama Abadilikaye wa Wanavajo. Naye Campbell, katika kitabu chake cha mwaka 1949, The Hero with a Thousand Faces, aliifanya safari ya mapacha na msaada wa Bibi Buibui kuwa mfano mmojawapo wa safari ya shujaa popote duniani.

Jambo hili lina faida na hasara. Faida ni kwamba kisasili kiliheshimiwa sawa na visasili vya Ugiriki, na watunzi wa densi wakakichukulia kama fasihi kubwa. Hasara ni kwamba kilipokuwa cha dunia nzima kilianza kupoteza wenyewe. Kwa Wanavajo, simulizi nyingi za asili husimuliwa majira ya baridi tu, nyoka na dubu wakiwa wamelala. Kitabu hakijui majira. Husomwa Julai sawasawa na Desemba, na jukwaa halimwulizi mtu kama ngurumo ya kwanza ya mwaka imekwisha kusikika.

Hata hivyo tusiandike kana kwamba Wanavajo walikaa tu wakinyang'anywa. Wapo waliochagua wenyewe cha kutoa na cha kuzuia. Hosteen Klah, mwimbaji na mfumaji aliyefariki mwaka 1937, alifuma mazulia yenye michoro ya mchanga ingawa wapo waliolalamika, na alishirikiana na Mary Cabot Wheelwright kuanzisha makumbusho mjini Santa Fe, kwa kuhofia elimu hiyo isipotee. Mwaka 1977 makumbusho hayo yaliwarudishia Wanavajo mafurushi matakatifu ya waganga. Kilichotolewa kwa hofu ya kupotea kilirudi pale wenyewe walipokuwa tayari kukipokea.

Wenye ngoma wanaposhika jukwaa

Januari 1934 kamishna mpya, John Collier, alitoa waraka namba 2970 uliokataza kuingilia dini na sherehe za wenyeji. Nusu karne ya kuandamwa kisheria ikafikia mwisho, ingawa ulinzi wa sheria ya Bunge ulikuja mwaka 1978. Lakini waulize Wanavajo kuhusu Collier, na wengi watakutajia mifugo kabla ya ngoma, kwa sababu ndiye aliyesimamia upunguzaji wa lazima wa kondoo na mbuzi wao katika miaka hiyo ya 1930. Historia haina mtu wa upande mmoja.

Kuanzia hapo wenyeji walianza kurudi jukwaani kwa majina yao. Mwaka 1980 Rosalie Jones, mwenye asili ya Blackfeet na Chippewa, alianzisha kundi la Daystar. Mwaka 1987 likazaliwa American Indian Dance Theatre chini ya Hanay Geiogamah na Barbara Schwei. Mwaka 2004 Rulan Tangen alianzisha Dancing Earth. Makundi haya yaliwakutanisha wachezaji wa makabila mbalimbali, nayo yalizoea kuuliza kwanza lipi ni la jukwaani na lipi si la jukwaani.

Kwa upande wa Wanavajo wenyewe, jina linalojulikana zaidi ni Jock Soto, aliyezaliwa Gallup, New Mexico, mwaka 1965, mama Mnavajo na baba mwenye asili ya Puerto Rico. Mama yake alimfundisha ngoma ya pete akiwa mtoto mdogo. Mwaka 1981 alijiunga na New York City Ballet, akawa mchezaji mkuu mwaka 1985, na alistaafu mwaka 2005. Filamu ya maisha yake, Water Flowing Together ya mwaka 2007, imechukua jina la ukoo wake wa Kinavajo. Soto alipata tuzo zake kwa densi ya Ulaya, mbali na kwao. Lakini mtuzaji wa kwanza alikuwa mama.

Kisasili cha mapacha nacho kimerudi mikononi mwa wenyewe. Februari 2008 okestra ya Phoenix ilionyesha kwa mara ya kwanza Enemy Slayer, kazi ya kwaya na okestra iliyotungwa na Mark Grey, kwa maneno ya mshairi Mnavajo Laura Tohe. Si densi, lakini tunaitaja kwa sababu imelichukua lile fundo ambalo wageni hawakulitilia mkazo. Shujaa wake ni kijana anayerudi kutoka vitani akiwa mgonjwa wa aliyoyaona na aliyoyatenda. Campbell alitazama zaidi ushindi wa shujaa. Tohe alitazama ugonjwa unaofuata ushindi, na jamii inayopaswa kumponya. Mwenye ngoma aliiona sehemu ya tiba, ambayo ndiyo ngoma yenyewe.

Hitimisho

Tumeona kwamba uazimaji wa jadi ya Wanavajo na majirani zao ulipitia hatua tatu. Kwanza liliazimwa vazi, kisha ikaazimwa imani na hadithi, na hatimaye wenyewe wakaja kusema. Hatuwashutumu Shawn, Graham wala Erdman kwa kuipenda ngoma ya watu. Tunachosema ni kwamba pongezi zao zilipatikana wakati mwenye mali amefungwa mdomo, na mwanahistoria asiyetaja kifungo hicho amesimulia nusu ya kisa.

Turudi basi kwenye tamasha letu. Wanafunzi walipokwama, mmoja wao alimleta babu yake, mzee wa Kimasaaba, aje mazoezini. Walimwamkia, wakamweleza mabishano yao. Mzee alisikiliza, akatazama hatua mbili tatu, kisha akasema: "Kadodi chezeni, wanangu, hata harusini inachezwa. Lakini unga msijipake. Unga ni wa yule anayekwenda kusimama mbele ya kisu." Wakaweka bakuli la unga wa mtama pembeni, na mazoezi yakaendelea.

Kwa dakika hizo chache mzee alifanya kile ambacho nyaraka za Burke hazikufanya wala majukwaa ya zamani hayakufanya. Hakuifunga ngoma, wala hakuiacha iokotwe na kila mtu. Aliichambua sehemu kwa sehemu, akaonyesha ipi ya kuchezwa na ipi ya kungoja mwaka wa shufwa, wakati vijana wa imbalu watakapoihitaji. Tunawashauri wanafunzi wanaokusanya fasihi simulizi kwa ajili ya tasnifu au jukwaa waanze hapo, kwa kumwuliza mwenye ngoma kabla ya kuwasha kinasa sauti. Mcheza kwao atatuzwa iwapo kwao bado ni kwake.